Kumuulizia Mfaransa kwa Majirani Zake

Mfaransa aliyeleta posa kwa mdogo wangu wa kike alifanya kila kitu kwa utaratibu, na hilo ndilo lililomtia baba mkubwa wasiwasi. Alimtuma mshenga, mwenye nyumba wake wa Ilala, mzee mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Mshenga alikuja Ijumaa baada ya swala, akanywa kahawa, akazungumzia mvua, kisha akaeleza alichotumwa. Suala la dini halikuwa na mjadala. Kijana alisilimu kabla hajamjua mdogo wangu, na msikitini kwao Ilala wanamfahamu.

Alikuwa fundi wa kreni bandarini. Mdogo wangu anafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo, na walijuana kwa sababu kreni moja ilikwama ikiwa imening'iniza kontena la mteja wake. Mdogo wangu alimpigia simu kumgombeza mpaka ikatengemaa. Baadaye akaendelea kupiga.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii, mwenye idhini ya kumwozesha, ni kaka yake, baba mkubwa. Akisema hapana, ndiyo imekwisha. Mdogo wangu alikuwa ameshaniambia kwamba hataolewa kwa kumzunguka mzee, na wala hatatafuta mwingine. Alisema hivyo huku akikunja nguo, bila kuniangalia.

Kwetu posa haijibiwi mpaka mtu auliziwe. Watu wazima wa familia wanakwenda mtaani kwa mchumba, wanajifanya wapita njia, wanakaa kwa kinyozi, wananunua sabuni wasiyoihitaji, na katikati ya mazungumzo mengine wanachomeka maswali. Baba mkubwa amewaulizia wachumba wa mabinti wote wa ukoo wetu na ana kanuni zake. Iliyo kubwa ni kwamba jirani anayemsifu mtu moja kwa moja ameandaliwa. Binamu yangu mmoja alikosa mume kwa sababu muuza duka alimsifu kijana kabla hajarudisha chenji.

Alikwenda Ilala, akanyolewa ndevu ambazo zilikuwa hazijaota vizuri, akarudi na habari njema. Lakini hakuridhika. Alisema mpangaji hana majirani, ana wapangaji wenzake. Alitaka kujua kwao.

Kwao ni kijiji kidogo cha Ufaransa ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisikia. Mimi nilisoma Kifaransa chuo kikuu na sasa niko gazetini, kazi ambayo baba mkubwa huiita kuulizia kwa mshahara. Nikapewa kazi ya kuleta historia na jiografia ya kijiji hicho.

Niliifanya kama ninavyofanya habari nyingine yoyote, na jioni moja nikaisoma barazani. Nyumba yetu ni moja ya zile fupi chache zilizobaki Kariakoo. Ghorofa za maduka zimetuzunguka, jua tunaliona saa sita mchana tu. Mbele ya baraza mikokoteni ya marobota ilikuwa inapita, kwa hiyo nilisoma kwa kusimama-simama. Walionisikiliza ni baba mkubwa na jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kihindu anayeuza vitambaa. Kila akifunga duka huja kunywa kahawa nasi. Alizaliwa kwenye ghorofa ile ile anayoishi. Babu yake ndiye aliyetoka Gujarati.

Kijiji, nilisoma, kiko bondeni katikati ya Ufaransa, mbali na bahari kila upande. Kina mto mdogo, daraja la mawe, na kanisa juu ya kilima. Zamani palikuwa na mnada wa ng'ombe, na watu walikuja kutoka mabonde ya jirani. Ikaja reli, wakashangilia. Vijana wakapanda treni wakaenda mijini. Baadaye reli ikang'olewa kwa kukosa abiria. Shule ikafungwa, ikawa nyumba ya mapumziko ya daktari wa meno. Duka likafungwa. Mkate unaletwa na gari. Katikati ya kijiji kuna nguzo yenye majina ya vijana waliokufa katika vita vikuu viwili, na majina hayo ni mengi kuliko watu wanaoishi hapo leo.

Baba mkubwa alisema Mungu awape subira. Kisha akauliza maji ya mvua yanaelekea wapi.

Hilo ni swali lake la kila mahali. Aliishi Jangwani miaka mingi, na alihamia kwetu baada ya kitanda chake kuonekana kikielea. Nikampa simu yenye picha ya satelaiti. Akaikuza kwa vidole viwili, akaufuata mto taratibu, akatamka kwamba nyumba za chini zinaingia maji. Nikamwambia vyanzo vyangu havijasema hivyo. Akasema mto umesema.

Halafu akanirudishia simu. "Kinyozi hakuna, duka hakuna," alisema. "Tutamuulizia kwa nani? Ile nguzo?"

Ndani, mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo. Maji yakanyamaza.

Aliyetuokoa ni jirani. Muda wote alikuwa anapuliza kahawa. Alisema kijiji cha babu yake kiko hivyo hivyo, wazee na mbwa, na wenye nyumba wote wako kwingine. Lakini hakuna anayefunga nyumba akaondoka na funguo zote. Paa likivuja nani ataingia?

"Funguo anashika nani?" aliuliza. "Huyo ndiye jirani. Muulizeni huyo."

Mfaransa alipopigiwa alijibu bila kufikiri. Nyumba ya marehemu bibi yake ilikuwa imefungwa, na funguo anazo bi kizee wa nyumba iliyo juu yake kilimani. Akatupa namba. Baba mkubwa alimkataza kumtahadharisha bi kizee, na kwa usalama zaidi mdogo wangu alitumwa kwenda kukaa naye karakanani kwa mshenga, simu ya kijana ikiwa mezani mbele ya mshenga, mpaka tutakapomaliza.

Nikaweka spika. Bi kizee alipokea na kusema hauzi. Ilibidi nieleze kwamba hatununui nyumba, tunamuulizia kijana aliyeleta posa. Tukasikia kiti kinavutwa.

Alianza kulalamika, nami nikatafsiri. Kijana anafunga milango kwa kishindo, tangu mdogo. Aliwahi kuacha geti wazi, ng'ombe wake bi kizee wakaingia makaburini wakala maua ya marehemu mmoja asiyestahili usumbufu. Alipokuja kumzika bibi yake alipanda juu ya paa la bi kizee na kurekebisha dohani bila kuombwa. Sasa moshi unatoka vizuri, lakini hakuombwa. Mto ulipofurika ukaingia nyumba za chini, aliendesha gari usiku kucha kutoka mjini, akatoa vitu vya majirani kwanza, na kabati la bibi yake mwenyewe likavimba kwa maji. Mpaka leo halifungi. Ule ulikuwa ni upumbavu, alisema.

Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa kuridhika kila malalamiko yalipoongezeka. Kwenye mafuriko alituangalia wote, mmoja mmoja.

Ndipo bi kizee akauliza swali lake. Na msichana je? Yeye bi kizee atamjuaje? Jirani yetu ni nani?

Ningeweza kuliruka, lakini nililitafsiri. Baba mkubwa hakuwahi kuuliziwa yeye, maisha yake yote. Alivuta pumzi, akasukuma simu upande wa jirani.

Jirani aliweka kikombe chini. Alisema hawa watu wanakaanga samaki chini ya dirisha lake, na nyumbani kwake hakuna anayekula hata yai. Wamekaanga tangu enzi za babu zao. Redio yao haizimwi. Baba mkubwa alikuwa anaangalia barabarani. Nami nilitafsiri yote, kwa sababu bi kizee wa upande wa pili naye alikuwa amesema kweli.

"Msichana mwenyewe ana mdomo," jirani alimalizia. "Mke wangu alipougua akakataa chakula, sisi wote tulimbembeleza. Yeye alivuka barabara kila jioni akamgombeza mpaka akala."

Bi kizee akasema, "Mwambieni aje na viatu vya kupandia kilima. Mimi siteremshi funguo tena."

Baba mkubwa alinitaka nirudie. Nikarudia. Akamalizia kahawa yake, akafuta midomo.

"Mpigie mshenga," alisema. "Mwambie yule mtoto arudishiwe simu yake."

Wameoana, na wanakaa Ilala kwa sababu kreni ziko huku. Kijijini wamekwenda mara moja. Mdogo wangu alipanda kilima, akapewa funguo, na siku hiyo hiyo akamgombeza bi kizee kwa kutomeza dawa. Mvua zikianza huku, bi kizee hupiga kuuliza hali ya Jangwani, na baba mkubwa huuliza hali ya mto, nami hutafsiri hata nikiwa kazini.

Samaki sasa tunakaanga uani, upande wa nyuma. Jirani anasema harufu ni ile ile, ila inachelewa kidogo.