Nilimwibia Mtani Wangu Njia ya Ukutani

Nimekosa, ndugu zangu, na safari hii siwezi kumsingizia shetani. Nadhani alikuwa na kazi nyingine. Niliiba mwenyewe, kwa akili zangu timamu, shahada yangu ikinitazama kutoka ukutani.

Kilichoibwa kitawachekesha. Mimi ni mtu mzima wa Msamala, nina mvi na kitambi, na burudani yangu ni gemu za zamani. Sichezi kwa vidole vyepesi, hivyo sina. Watu wa aina yangu tunaisimamisha gemu kwenye kompyuta, tunaisogeza picha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha tunaamua kitufe gani kibonyezwe. Mwishowe unapata faili la vitufe. Kompyuta ikilifuata, gemu inamalizika kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi.

Kwenye kundi letu la mtandaoni, kuchukua faili la mwenzako na kuliboresha ni halali kabisa. Sharti ni kwamba jina lake likae pamoja na lako. Na njia iliyokwisha kupokelewa haipokelewi tena.

Sasa, nina mtani wangu. Mimi Mngoni, yeye Mhehe wa Iringa aliyeolewa huku kwetu Ungoni, Madaba. Tulisoma chuo pamoja na tumetukanana kwa raha tangu ujana. Nimwite Mama Neema. Alikuwa amegundua namna ya kupenya ukuta wa ngome ya mwisho, jambo lililotushinda sote. Akanitumia faili lake.

"Niangalizie, Mngoni, kabla sijalipeleka kundini. Angalia tu, usilinywe kama pombe!"

Nikaangalia. Nikanyoosha kipande kidogo mwishoni. Kisha, Mungu wangu! Nikalipeleka kundini kwa jina langu peke yangu.

Sifa zikamiminika! "Mzee unatisha!" Nilikwenda sokoni kununua nyanya nikitembea kama mkuu wa mkoa.

Jamaa mmoja akauliza: "Mzee, kila mlango kabla haujafunguka, mtu wako anapiga goti. Kwa nini?"

Sikuwa na habari! Lakini msomi hasemi "sijui". Nikaandika aya nzima, kwamba goti lile linapunguza mzigo kwenye kumbukumbu ya mashine, hivyo kuharakisha mlango. Watu wakashukuru. Mmoja akasema atalijaribu kwenye kazi yake.

Simu ikaita.

"Kamwene, mwizi," akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Mama Neema…"

"Kumbukumbu ya mashine, eti! Baba, ule mlango unajifungulia wenyewe. Pale mtu hana la kufanya, anasubiri tu, nikaona bora asalimie kama tunavyosalimia kwetu. Anapiga goti, anabisha hodi. Basi!"

Nilitafuta pa kujificha, nikaukimbilia utani.

"Sasa wewe Mhehe, Mngoni akichukua chako nao ni wizi? Si watani sisi?"



"Mtani anabeba kuku wangu mchana kweupe, mimi namtazama, majirani wanacheka. Wewe umembeba nikiwa nimekupa mgongo, halafu ukautangazia mtaa kwamba umemfuga mwenyewe. Na langu nimelipeleka leo, limekataliwa. Wanasema nimekuiga wewe!"

Jamani! Kicheko kilinikauka. Ukuta kaupenya yeye, na mwigaji anaitwa yeye!

Siku hiyohiyo nilikiri kundini, pamoja na uongo wa goti. Faili likarudishwa kwa jina lake, langu likafutwa. Tangu hapo nikichangia hoja yoyote, hakosekani mjinga wa kuuliza kama nimepiga goti kwanza. Hayo nayameza, ni halali yangu.

Lakini ninyi mnaobeba kazi za watu, mkidhani urafiki au utani utawafunika, nisikilizeni! Mtaje mwenye mali kabla hamjaulizwa. Msije mkajidanganya kwamba adhabu ni matusi. Matusi ni neema!

Juzi nilimchokoza Mama Neema kama zamani. Nikamwandikia kwamba Iringa walimchoka, ndiyo maana akaja kula ugali wetu. Nikakaa na simu mkononi, nasubiri nichambuliwe ukoo mzima.

Akajibu: "Asante sana, mheshimiwa. Uwe na siku njema."