Kokteli ya Idi iliyotoa povu

Leo nimeponea chupuchupu kumnywesha mama mkwe pombe. Siku ya Idi!

Mnajua mimi Mkristo, mume wangu Rajabu Muislamu. Ndugu zake wanakuja kula Idi kwetu Itigi kwa mara ya kwanza. Nikawaandalia kokteli isiyo na kilevi: nanasi, ukwaju, maji na asali yetu ya porini. Nikaichanganya juzi ili ikolee.

Leo nafunua ndoo, povu limejaa. Nikafurahi! Nikaona imetoka kama ya hotelini.

Nikapiga goti, nikampa mama glasi. Akainusa. Hakunywa.

“Mwanangu, hii umechanganya lini?”

“Juzi, mama.”

“Basi imeshakuwa wanzuki.”

Wanzuki jamani, pombe ya asali! Shangazi yake Rajabu akarudisha glasi mezani taratibu. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. “Baba yangu alikuwa mrina asali. Ukiilaza na maji lazima iumuke. Haya, twende jikoni.”

Tukatengeneza nyingine pamoja. Wakanywa, wakaongeza. Hapo ndipo nikapumua.

Tukacheka wote, isipokuwa Rajabu, ambaye tangu arudi msikitini alikuwa “anaonja” ile ya kwanza kwa kikombe.

Mama akamgeukia: “Na wewe, mbona kimya?”

Jamani, nimtetee au nimwache?