Leseni ya Mama Klachi

Vijana waliojifunza pikipiki kwenye kiwanja cha nyuma ya karakana walimwita Mama Klachi, naye aliitikia. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha pale, kati ya koni zilizopauka rangi, kwa sauti inayoweza kuzima injini. Mkali, ndiyo, lakini ukianguka alikuwa wa kwanza kukupangusa vumbi. Kugombezwa kulifuata baadaye.

Hakuna aliyegusa ufunguo kabla ya kukaguliwa karatasi. Leseni ya mwanafunzi? Ipo. Bima? Ipo. Bamba la L? Lipo nyuma. Kisha aliwauliza wanapaswa kuwa na nani barabarani, nao wote wakajibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea: mwalimu mwenye leseni hai, la sivyo bima hailipi hata senti. Kijana mmoja aliwahi kuuliza, je, ukigonga mbuzi tu?

"Utamlipa mbuzi, utamlipa na mwenye mbuzi," alimjibu.

Sasa sikia. Mwanamke huyo huyo, leseni yake ilikuwa imekwisha muda tangu miezi minne nyuma. Usiseme alisahau, maana hakusahau. Kuipata mpya kulitaka kupimwa macho, na Mama Klachi alijua fika kwamba koni ya mwisho kiwanjani siku hizi alikuwa akiikisia tu. Wakimkataa, kazi ndiyo imekwisha, na kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Basi kila Jumatatu alijiambia wiki ijayo. Kinyozi hajinyoi.

Kati ya wanafunzi wa mwaka ule, aliyempenda kuliko wote, na kushindwa kabisa kulificha hilo, alikuwa binti wa kaka yake. Duka moja la dawa lilikuwa limemwahidi binti huyo kazi ya kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani, mradi apate leseni. Asubuhi ya mtihani walikaa kwenye benchi la kiwanjani, binti akijaza fomu kabla ya kuondoka.

"Shangazi, hapa wanataka namba ya leseni yako na tarehe ya kuisha."

"Paache wazi."

"Wameandika ni lazima."

"Basi andika mwaka ujao. Nani atakagua?"

Kalamu ikasimama. Binti akainua uso. "Shangazi, leseni yako iko hai kweli?"

"Wewe mtoto, tangu lini unaniuliza mimi..." alianza Mama Klachi, kisha akamtazama usoni. Binti hakuwa na hasira, alikuwa ameogopa. Wiki saba wamezunguka mjini, binti mbele, yeye nyuma, na wiki zote hizo bima ile ilikuwa karatasi tupu. Lori moja tu lingetosha. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Imekwisha," alisema. "Miezi minne sasa. Macho yamenitupa mkono, mwanangu, nikaogopa kwenda kupimwa."

Binti akafunga kalamu.

Ilibidi Mama Klachi ampigie simu mwalimu wa kiwanja cha jirani, mpinzani wake wa miaka yote, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwambia waziwazi kwamba hajui hata kupanga koni. Kumwomba yule kulimuuma kuliko kung'olewa jino. Mwalimu huyo alikuja, akacheka kidogo, si sana, akaandika namba yake kwenye fomu na kupanda nyuma ya binti. Wakaondoka. Mama Klachi, kama alivyomwahidi binti, akaenda hospitali kwa miguu kupimwa macho.

"Soma mstari wa nne," alisema mpimaji.

Angeweza kubahatisha. Mtu anayekisia koni hashindwi kukisia herufi. "Siuoni," alisema. "Hata ule wa tatu nilikudanganya tu, dada."

Mpimaji alimbadilishia vioo mara sita, mara saba, akaandika. Miwani itamfaa, lakini itakuwa tayari baada ya wiki tatu, na kabla ya hapo asiguse pikipiki wala asimfundishe mtu.

Alipotoka, binti alikuwa langoni, leseni mpya mkononi, injini inanguruma.

"Nimepita! Panda nikupeleke nyumbani."

Mama Klachi alimkumbatia na kofia yake ya pikipiki kichwani, kwa nguvu, akitokwa na machozi bila kujificha. Kisha akatikisa kichwa. "Leseni changa haibebi abiria mwaka wa kwanza."

"Najua. Nilitaka kuona kama utapanda."

Binti akazima injini, akashuka, wakatembea, binti akisukuma pikipiki katikati yao.

"Ningeweza kufa, Shangazi. Na wewe pia. Usinifanyie tena hivyo."

"Sikufanyii tena," alisema Mama Klachi. Akashika usukani wa upande wake, akasukuma naye.