Siri ya Mawaridi Yangu

Mkinicheka, nibakizieni heshima kidogo, maana mume wangu ni mwalimu hapa Nshamba.

Mwezi uliopita balozi wetu wa nyumba kumi alitangaza kila nyumba iwe na bustani ya maua. Akiba yangu ilitosha kitu kimoja tu: miche ya mawaridi, ambayo ingechanua Mungu ajuapo lini, au mawaridi ya plastiki niliyoyaona dukani Bukoba, yamekwisha kuchanua. Nikachukua ya plastiki. Nikayachomeka mbele ya nyumba, nikayatandazia nyasi kama tufanyavyo migombani, na kila asubuhi nikayamwagilia maji majirani wakiniona.

Sifa zikafika Kishanda kwa mama mkwe. Jumapili akaja. Nikampigia magoti, nikampa kahawa ya kutafuna kama tumkaribishavyo mgeni, naye akatoka kutazama bustani, majirani nyuma yake.

“Kiangazi hiki, mwanangu, yanastawije?”

Laiti ningenyamaza! “Siri ni samadi, mama,” nikajibu, nikawahutubia wote habari za kinyesi cha ng'ombe na majivu.

“Basi nikatie tawi nikapande.”

Kwetu mtu hanyimwi mche, sembuse mama mkwe. Kabla sijapata uongo mwingine, alikwisha kuinama na kisu chake. Kikakwaruza waya, kwaruu! Mama akautazama ule waya, akanitazama mimi, kisha akalichomoa tawi lake, akalifunga kwenye jani la mgomba, taratibu kabisa.

“Sasa, mwanangu,” akasema, “nifungie na ile samadi.”