Msusi na Kizimba cha Bwawani

Uamuzi kwamba Msusi aende kusomea kazi ya mitambo ya mafuta ulipitishwa sebuleni, yeye akiwa jikoni anasuuza vikombe. Alisikia kila neno, maana ukuta wa nyumba ile ulizuia macho tu, masikio uliyaacha yapite. Baba mkwe ndiye aliyefunga mazungumzo.

"Kampuni imetoa nafasi moja kwa mtu wa familia," alisema. "Mimi nimeshazeeka. Mwanangu hawezi kuinuka, na wadogo zake kila mmoja ana pake. Ataenda mkewe. Mikono anayo."

Msusi alipoingia na sinia, wote wakajifanya wanazungumzia joto. Mama mkwe akamshika kiwiko kwa upole. "Tumekupigania, mwanangu."

"Ahsante, mama," akasema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema akipiganiwa. Wakahesabu kwamba amekubali.

Mikono alikuwa nayo kweli. Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa saluni yake: kioo kirefu, viti viwili, kikaushio chenye kelele kama trekta, na benchi la wateja ambao nusu yao walikuja kusuka na nusu kusengenya. Alijua kichwa cha kila mwanamke wa mtaa ule, kipi kina kovu, kipi hakivumilii kuvutwa, na nani anamficha nani mvi zake. Ilikuwa kazi ya kukaa karibu na watu, naye aliipenda bila kuwahi kujiuliza kwa nini.

Mumewe watu walimwita Mnara kwa urefu wake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mtambo wa baharini, mpaka siku bomba lililoning'inia kwenye kreni lilipozunguka vibaya na kumpiga kiunoni. Kampuni ilimtibu, ikamleta nyumbani, kisha ikamtuma bwana mmoja mwenye sauti laini aje kutoa pole na kuitaja hiyo nafasi moja. Tangu hapo Mnara alilala kwenye kitanda kilichoelekea dirisha, na dirisha lilielekea ukuta wa jirani. Kugeuka alihitaji mtu. Kukaa alihitaji wawili.

Siku ya kuondoka, binti yao mdogo alibeba kofia ya mama yake hadi mlangoni. Mnara alimtazama mkewe alivyomezwa na ovaroli iliyokatwa kwa ajili ya mwanaume, akasema tu, "Kunja mikono. Ikining'inia itanaswa."

Chuo kilikuwa nje ya mji, kimezungushiwa uzio wa waya. Katikati ya uwanja ulisimama mtambo wa mazoezi, chuma kitupu kilichopakwa rangi ya njano, ambao haukuchimba chochote. Kila asubuhi wanafunzi walishusha mabomba kwenye shimo lisilofika popote, wakayaunga kwa koleo kubwa zilizofungwa minyororo, wakayakaza, na baada ya chakula cha mchana wakayafungua na kuyapandisha tena. Kesho yake hivyo hivyo. Msusi aliyatazama yale mabomba yakipanda na kushuka akaona kama anatazama maisha ya mtu anayemfahamu.

Darasa lilikuwa la wanaume watupu isipokuwa yeye. Jirani yake wa dawati walimwita Bosi, kwa sababu siku ya kwanza alikuja amevaa tai, akidhani mafunzo ni ya ofisini. Alikuwa na utani mwingi na roho nzuri. Msusi alipojaza vitambaa kwenye ncha za buti lake ili lisimpwaye, Bosi alimwambia, "Dada, humo ndani unaweza kupangisha mtu."

Mkufunzi wao alikuwa mchimbaji mstaafu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa miaka ya kupigia kelele juu ya mashine, kwa hiyo hata akikusifu ulidhani anakugombeza. Aliwafundisha kufunga mzigo wa kreni, kusoma ishara za mikono, kuosha sitaha bila kuteleza, kunusa gesi na kukimbia upande unaotoka upepo. Msusi alishika yote. Mafundo ya kamba hayakumpa shida hata kidogo. Jioni alijilaza bwenini, mabega yanawaka, akijiambia kwamba akili ikiwa na kazi haipati nafasi ya kulia.

Kisha wakafika kwenye bwawa.

Wafanyakazi wa baharini hupelekwa kazini kwa helikopta, na helikopta ikianguka majini hupinduka. Kwa hiyo chuo kilikuwa na kizimba cha chuma chenye viti vinne, mikanda na madirisha. Kizimba kilishushwa kwenye maji kwa winchi, kikazama, kikageuzwa kichwa chini miguu juu, na waliomo wakatakiwa kutoka.

"Mkono mmoja dirishani kabla maji hayajafika kifuani," Mkufunzi alieleza. "Usiuachie. Kikipinduka, subiri kitulie. Sukuma kioo. Halafu ndiyo ufungue mkanda, halafu ujivute. Ukifungua mkanda kwanza utaelea humo ndani kama jani la chai, na dirisha hutaliona tena. Mwenye kushikwa na hofu apige kichwa chake kwa kiganja, wazamiaji watamtoa."

Msusi hakujua kuogelea zaidi ya kuelea. Maji yalipompita kidevu alisahau kila kitu. Kizimba kiligeuka, pua ikajaa maji, na vidole vyake, vile vidole hodari, vikakimbilia mkanda. Ukafunguka. Akaelea gizani, akagonga kitu kwa goti, akapapasa akitafuta dirisha na kupata miguu ya Bosi. Hakukumbuka hata kupiga kichwa. Mzamiaji alimkamata kwapani akamtoa nje, naye akatapika maji ukingoni mbele ya darasa zima. Hakuna aliyecheka.

Mkufunzi alichuchumaa kando yake. "Utarudia wiki ijayo," akasema kwa ile sauti yake ya kugombeza. "Ukishindwa tena, unarudi nyumbani. Hakuna lawama. Wapo wengi maji yamewakataa."

Hakuna lawama. Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani mwisho wa wiki kama mtu aliyeokota ufunguo asiyejua ni wa mlango gani.

Nyumbani alikuta kioo chake kimegeuzwa ukutani na viti vya saluni vimepandishwa juu ya benchi. "Vumbi," mama mkwe alieleza. Baba mkwe alimpa mkono kama anavyopeana na wanaume, akataka kujua kama ameshapewa tarehe ya kupanda mtambo. Majirani walishaambiwa. Hata muuza duka alimwita "mhandisi".

Chumbani alimgeuza mumewe, akampaka mafuta mgongoni, akamsimulia ya bwawani. Hakuficha kitu. Mnara alisikiliza uso wake ukiwa umeelekea dirishani.

"Ulifungua mkanda kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Wote hufungua mkanda kwanza." Akamgeuzia macho. "Mke wangu, wiki ijayo ufungue tena."

Msusi akadhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Shindwa. Ukae tu, upige kichwa, wakutoe. Hakuna atakayejua." Alikuwa anasema polepole, kama anayechagua njia kwenye tope. "Ukienda kule, mimi ataniosha nani? Mama. Mwanaume mzima, kila asubuhi, anaoshwa na mama yake. Wiki hizi mbili amekuwa akiniosha huku amefumba macho. Anadhani sioni."

"Na baba?"

"Baba atakasirika. Atazoea."

"Na tutakula nini?"

Mnara akarudisha macho dirishani. Msusi akakaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya mafuta mkononi. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti: "Mimi sikutaka kwenda. Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi je, unadhani niliulizwa?" Mnara akasema. "Nilikuwa nafundisha watoto mpira. Baba alikuja uwanjani na begi langu ameshalifunga."

Walikuwa wameoana miaka yote hiyo, na hilo hakuwahi kulisikia. Mwanaume aliyerudi kila likizo akigawa zawadi na hadithi za mawimbi alikuwa amefungiwa begi. Msusi alitaka kumshika mkono, lakini alihisi pia hasira, kwa sababu mtu aliyewahi kutumbukizwa kisimani anajua kilivyo ndani, na huyu hakumwambia neno alipoona anatumbukizwa yeye. Alifunika chupa. "Nimesikia," akasema.

Akarudi chuoni na amri mbili kichwani. Baba mkwe alimtaka apite, mumewe alimtaka ashindwe, na zote mbili aliziona za haki kwa aliyezitoa. Yeye mwenyewe, alipojitafuta katikati, hakujikuta. Njiani aliamua kumtii mumewe. Lilikuwa jambo jepesi: kukaa, kupiga kichwa, kutolewa, kurudi kugeuza kioo.

Siku ya kurudia jaribio, Bosi alikuwa ameshapita, lakini alikuja kukaa ukingoni akiwa na taulo. "Nimekuja kuangalia kama utanishika miguu tena," alisema. Msusi akacheka bila kutegemea.

Walimfunga kwenye kiti. Winchi ikalia. Aliweka mkono kwenye fremu ya dirisha kwa mazoea tu, maji yakapanda magotini, tumboni, kifuani. Akavuta pumzi. Kizimba kikapinduka.

Akakaa. Alikuwa amening'inia kichwa chini ndani ya mikanda, kiganja kimoja kwenye chuma, kingine kimeshaanza kuelekea kichwani. Maji yalituama. Halafu akagundua kwamba kumenyamaza. Hakukuwa na sauti ya baba mkwe wala ya mume, wala mama wa kumshika kiwiko. Palikuwa mahali pabaya kuliko pote alipowahi kuwa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia afanye nini. Alikaa katika ukimya huo muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Wazamiaji waliokuwa wakimtazama walimwambia baadaye kwamba walishanyoosha mikono.

Ndipo kifua kikaanza kuungua. Kikasukuma mara moja, mara ya pili, na hakikuwa kinamsikiliza mtu. Mkono uliokuwa ukienda kichwani ukarudi, ukasukuma kioo. Kioo kikatoka. Mkono ukafungua mkanda. Ule mwingine haukuwa umeiachia fremu hata kidogo, nao ukamvuta mpaka nje, juu, kwenye hewa. Alipumua kwa mlio kama mlango wa chuma uliokosa mafuta.

Bosi akapiga makofi. Mkufunzi akatikisa kichwa. "Umekawia," akasema. "Lakini umetoka." Msusi aliegemea ukingo akalia, na wote wakadhani ni furaha.

Jioni alimpigia mumewe simu.

"Ulishindwa?" Mnara akauliza.

"Nilitoka."

"Kwa nini?"

Alitafuta jibu la heshima akalikosa. "Nilitaka kupumua," akasema.

Mnara alimpongeza kwa sauti ya mtu anayesaini asichokisoma, kisha simu ikachukuliwa na baba mkwe, ambaye alimwita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Mtambo wa baharini, ule ule alikoumia Mnara, ulikuwa kama Msusi alivyofundishwa, ila mkubwa zaidi na wenye kelele zaidi. Alipewa kitanda kwenye chumba kisicho na dirisha, akikilalia kwa zamu na mwanamke mwingine, mpishi, ambaye walikutana mlangoni tu. Aliosha sitaha, alipaka rangi penye kutu, alifunga mizigo. Mwisho wa zamu unaweza kutembea mpaka ukingo wa mtambo, ukaona maji, ukageuka na kutembea mpaka ukingo wa pili, ukaona maji. Baada ya hapo hakuna pa kwenda. Wenzake walimheshimu. Siku moja kibao cha kukanyagia kilifyatuka chini ya mguu wake akadaka reli, na jioni hiyo hiyo mezani wakamsogezea kiti kama mwenyeji. Alijua angeweza kuifanya kazi ile miaka mingi. Ndilo lililomtisha.

Aliporudi likizo ya kwanza, mteja wake wa zamani, mwalimu wa shule ya jirani, alimwona uani akaomba asukwe. Msusi akageuza kioo, akafuta vumbi, akateremsha kiti kimoja. Alianza kugawa nywele kwa furaha asiyoificha. Lakini vidole vilikuwa vimepasuka kwa chumvi na grisi, ngozi imekuwa kama msasa, na kila unywele ulinasa kwenye nyufa. Mwalimu alijikaza. Mara mbili mabega yalimruka. Alishukuru sana, akaondoka na kichwa kilichosukwa nusu vizuri, na wiki ile hakuna mwingine aliyekuja.

Mwalimu alipoondoka, Msusi aliingia chumbani akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Kwa siku mbili Mnara alikuwa amemwitikia salamu tu. Mama yake alishamwosha asubuhi hiyo kabla Msusi hajaamka, ama kwa mazoea ama kwa makusudi. Sasa Mnara alinyoosha mkono chini.

"Lete hapa."

Akampa vidole. Mnara alivipindua kwenye mwanga, akavikagua kama mtu anayesoma habari za kwao. Akamimina mafuta ya mgongo wake kwenye kiganja, akaanza kumsugua, kidole kimoja kimoja, akiingia kwenye nyufa.

"Usioshe na dizeli," akasema. "Watakwambia inatoa grisi haraka. Ni kweli, ila inakula ngozi. Tumia sabuni na sukari."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilipaswa kukwambia mimi." Akaendelea kusugua. "Yule wa kreni, bado anapiga mluzi akichoka?"

"Bado. Wanamkataza, hasikii."

"Akipiga mluzi, usisimame chini ya mzigo. Hata akiwa amekupa ishara. Unanisikia?"

Msusi alisema anasikia. Aliuacha mkono wake pale, ukianza kulainika, ingawa wote wawili walijua gari la kampuni lingekuja Jumatatu, na kwamba wiki moja ya mafuta haitoshi. Sebuleni baba mkwe alikuwa akimweleza mgeni fulani jinsi mkwewe alivyo mtu wa mitambo. Mnara alimaliza mkono wa kulia, akaomba wa kushoto.