Tumbo la Kapteni

Kilonzo alikuwa amebeba marehemu begani, na marehemu alikuwa anapumua.

Marehemu alikuwa chatu. Jina lake Kapteni, mrefu kuliko kitanda cha tajiri wake, kazi yake kula panya katika godauni la mahindi la Kanji pale Thika. Sasa alikuwa ndani ya gunia, amefunikwa kitambaa cheupe, ananukia udi. Mbele alitembea Kanji na chupa ya samli. Mbele ya Kanji alitembea mama yake, Dayaben, akilia. Nyuma ya godauni kuni zilikuwa zimeshapangwa.

"Pole pole, Kilonzo," Kanji alisema. "Heshima kidogo."

"Ndiyo, Bwana."

Gunia likavuta pumzi. Kilonzo akatokwa na jasho.

Angesema nini? Kazi yenyewe, ya kutunza nyoka wa godauni, aliipata kwa uongo. Alitoka Ruiru, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja aliyefuga nyoka. Kilonzo alikuwa akifagia nje na kuwaona kupitia dirisha. Basi. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari: bila kazi huna pasi ya kutembea, na bila pasi lori la askari linakutafuta wewe. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kama anajua nyoka, anajua nyoka.

Kanji alikuwa na sharti moja. "Mimi nataka dume tu. Jike nazaa. Hapa iko godauni, hapana hospitali ya nyoka."

Kilonzo aliinua mkia wa Kapteni, akakunja uso kama daktari, akasema, "Dume, Bwana. Dume kamili."

Mwezi wa Julai chatu mwingine, mwembamba, alipanda kutoka kwenye nyasi za mto Chania, akapenya chini ya mabati. Kilonzo aliwakuta nyuma ya magunia wamesokotana kama kamba ya katani. Akakimbia kwa tajiri.

"Bwana! Kapteni anapigana na jambazi! Ameingia bila pasi!"

Kanji alifunga biashara ili shujaa asisumbuliwe. Dayaben aliomba kutwa nzima Kapteni wao ashinde. Jioni jambazi aliondoka akijikokota, hoi, na Kapteni akazawadiwa kuku mzima.

Huyo ndiye kuku wa mwisho aliyekula. Panya wakampita puani, akawatazama tu. Akawa anafuata jua sakafuni, likisogea naye anasogea. Akajivua gamba. Halafu akafura, lakini si katikati, pale panapokaa kuku aliyemezwa. Alifura huku nyuma, kuelekea mkiani. Kilonzo akamwomba Mungu iwe ni kufunga choo.

Ndinda, mkewe, alipoleta chakula alitazama mara moja tu. "Kapteni wako ana mimba."

"Nyamaza! Huyu ni dume."

"Mimi nimebeba wanne, baba. Hali chakula, anaota jua, amefura huku chini. Lakini wewe utajulia wapi? Hata mimba zangu ulikuwa unaziona zikifika mwezi wa nane."

Asubuhi hii Kapteni alikutwa uani, tumbo juu, jeupe, kimya. Dayaben alimrushia maua, hakutikisika. Kanji akasema amekufa. Na Kilonzo, Mungu amsamehe, alifurahi: maiti haiulizwi kama ni dume au jike. Aliambiwa ambebe. Alipomwingiza guniani vidole vyake vikayagusa mayai tumboni, yamejipanga kama viazi ndani ya soksi. Kisha mbavu zikapanda, zikashuka.

Sasa gunia lilikuwa juu ya kuni. Kanji akamimina samli. Akawasha kiberiti, upepo ukakizima. Kilonzo aliliona kichwani lile lori la askari likiondoka naye ndani, na Ndinda amesimama barabarani na watoto wanne. Kanji akawasha njiti ya pili. Ikashika.

"Usiwashe, Bwana! Huyo ni mama!"

Dayaben aligeuka. "Mama ya nani?"

"Ana mayai, Mama. Hajafa. Amegeuza tumbo juani, anayapasha moto."

"Kapteni iko dume!" Kanji alifoka.

"Nilidanganya, Bwana."

"Na ile jambazi?"

Kilonzo akatazama viatu vyake. "Bwana... hawakuwa wanapigana."

Njiti ikamuunguza Kanji kidole. Alimtazama mama yake, aliyeyaombea mapigano yale kutwa nzima. Dayaben alijifunika uso kwa sari, mabega yakamtetemeka, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni kilio.

"Wewe fukuzwa! Leo! Sasa hivi!"

Gunia likajinyoosha. Kichwa kikatoka, kinang'aa samli, kikaupanda mkono wa Kilonzo. Kanji akaruka nyuma ya mama yake.

"Rudisha yeye ndani kwanza," alisema kutoka huko. "Halafu fukuzwa."

Kilonzo alimrudisha. Kapteni alichagua pembe yenye mabati yanayopigwa na jua, akataga, akayazunguka mayai na kumfokea kila aliyekaribia. Wachukuzi wakagoma kuingia. Magunia yakawa yanatolewa na Kilonzo peke yake.

Kila asubuhi Kanji alifika mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kilonzo! Nani natoa ile mayai?"

"Mimi, Bwana. Lakini si nimefukuzwa?"

Kanji alichungulia gizani. Kitu kikafoka.

"Kesho," alisema, akaurudisha mguu. "Kesho fukuzwa."