Mayowe Yangu ya Siku ya Sabato

Mwavuli mweusi uliolowa una harufu yake. Ni harufu ya kitambaa kilichovunda, kutu kidogo na, kama mpini ni wa mti, jasho la mkono wa mwenyewe. Huu nilionao niliurithi kwa baba. Nikirudi nyumbani nimenyeshewa nauegemeza mlangoni, na kabla sijavua viatu niko kwetu Keumbu tena, nina miaka tisa, nina homa, na niko peke yangu.

Upweke huo niuseme mapema, maana bila huo hamtanielewa. Nilikuwa kitinda mimba. Dada zangu walikuwa wameolewa, kaka zangu wako shule za bweni, mama alishinda kwenye majani chai, na baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache hata kwa mbuzi wake. Mimi nilizungumza na migomba. Msicheke. Niliipa majina, na mmoja tuliwahi kununiana wiki nzima.

Kisha akaja Ombati. Alikuwa mwana wa marehemu baba mkubwa, kijana wa miaka kama ishirini, ametoka Nairobi alikokosa kazi. Alikuja na nywele zisizojua chanuo, suruali pana ya kutosha watu wawili, na redio ndogo ya betri. Wazee walimtazama wakatikisa vichwa. "Vijana wa siku hizi wameharibika," walisema. "Sisi tulikuwa na heshima." Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, jamani. Mimi nilimwona mtu wa kwanza nyumbani mwetu aliyewahi kuniuliza nimeota nini. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Hata ule mgomba tulionuniana nao, ni yeye aliyetupatanisha, akalishika jani lake akaomba msamaha kwa niaba yake. Miezi miwili mizima sikuwa peke yangu.

Baba alimnyang'anya redio kwa sababu aliifungulia muziki siku ya Sabato, akaiweka kabatini. Ijumaa moja Ombati alinikuta nyuma ya jikoni nikichambua mboga. "Moraa, kesho nahepa," akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Nairobi. "Mkiwa kanisani nachukua redio yangu, nashika gari. Usimwambie budaa." Budaa alikuwa baba. Nikamuuliza atarudi lini. Akacheka tu, akanivuta sikio.

Kesho yake wakaniacha kitandani na homa. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya kijito, na kwaya niliisikia vizuri. Nikasikia mlango wa nyuma, halafu kabati. Nikachungulia dirishani, nikamwona akiingia migombani, jaketi amejifunika kichwani kwa sababu ya manyunyu, redio kwapani. Nilimjua. Naomba mlishike hilo. Nilimjua kwa mwendo, na redio niliiona. Nikaona anakwenda, na hapatakuwa na mtu wa kuniuliza nimeota nini. Basi nikafungua mdomo nikapiga mayowe: "Mwizi! Mwizi!"

Kwetu mayowe hayakuwa na maswali. Ukiyasikia unaacha ulichokuwa ukifanya, unakimbia na ulichoshika. Asiyetokea ndiye anayetiliwa shaka kesho yake. Hilo hata mtoto alilijua. Nilichotaka ni waje wamzuie, baba amgombeze, tuendelee kuishi. Akili yangu ilikomea hapo.

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Wakavuka kijito na suti zao, tai zimerukia mabegani. Biblia waliziacha kwenye viti, wakaja na miavuli, na wengine wakang'oa fito za ua njiani. Ombati alijaribu kukimbia, akateleza kwenye mfereji, akaanguka kifudifudi. Baba alifika wa kwanza. Akainua mwavuli, akapiga. Baada ya hapo sikumwona Ombati tena, niliona migongo ya suti tu. Kijana hakuwepo hata mmoja kati yao. Mzee aliyenifundisha mafungu ya kukariri alikuwa na fito mkononi. Nikatoka nje nikilia, "Ni Ombati! Ni Ombati!" lakini sauti ilikuwa imekwisha. Mayowe ya kwanza yalivuka kijito. Haya ya pili hayakufika hata migombani.

Mama ndiye aliyepenya akalitoa jaketi usoni. "Ala! Si huyu ni mwana wa ndugu yako?" mtu akauliza. Baba alikuwa amesimama na mwavuli, waya mmoja umevunjika unaning'inia. "Sikumjua," akasema. "Haki, sikumjua."

Ombati alipelekwa hospitali, akapona, isipokuwa jicho la kushoto. Alipotoka hakupitia nyumbani, na hatujamwona mpaka leo. Redio ilipotelea migombani siku ile ile. Aliyeiokota hakupigiwa mayowe na mtu.

Wazee walinisifu kwamba nilikuwa macho. Baba hakunisifu wala hakunigombeza. Mwavuli nao hakuupeleka kwa fundi, ingawa fundi alikuwa pale pale sokoni. Aliubeba hivyo hivyo kila Sabato, ule waya ukimchuruzishia maji begani, nami nikadhani ni ubahili. Nilirudi kwa migomba yangu, lakini sikuwa na la kuiambia.

Juzijuzi tulipomzika baba, wazee wale wachache waliobaki walikaa chini ya turubai wakiwatazama vijana wa bodaboda. "Hawa wameharibika kabisa," wakasema. "Wakimshika mtu wanaua. Sisi tulikuwa na heshima." Nilitaka kucheka, nikashindwa. Labda hawa wa leo ni wabaya zaidi, mimi sijui. Ninachojua ni mikono niliyoiona mwenyewe, na mdomo ulioiita.

Maana mwaka jana niliketi na baba barazani, mvua inanyesha, redio inataja vijana waliopigana mjini. Nilingoja aseme lile la siku zote, kwamba vijana wameharibika. Badala yake akasema, "Moraa, yule mtoto nilimjua."

Nikapunguza sauti ya redio.

"Niliiona redio kabla sijapiga. Nilitaka kumtia adabu kidogo, wazee waone kwamba nina neno nyumbani mwangu. Sikujua wenzangu wangeendelea."

Akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu. Wakati ule nilidhani anataka nimsamehe. Sasa ndipo ninapoelewa kwamba alitaka mtu wa kuketi naye mle alimokuwa. Na mtu huyo nilikuwa mimi. Tuliishi nyumba moja, kila mmoja na siri ile ile, na jibu lenyewe ni maneno mawili tu: nami nilimjua.

Nikasema, "Baba, ingia ndani, utapata baridi."

Akachukua mwavuli wake, akaingia.